Jedwali la Petroli Katika Injini ya Tabo: Kutoka Nairobi Hadi Usawa wa Bahari

Waheshimiwa wahadhiri, mafundi wenzangu na wanafunzi,

Ninawashukuru kwa kufika. Nimekuja kuzungumzia ile sehemu ya jedwali la petroli ambayo injini ya tabo (turbo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) haiifikii kamwe inapopimwa hapa Nairobi, lakini huifikia siku mwenye gari anapoteremka Mombasa na familia yake.

Katika kompyuta nyingi za magari ya miaka ya 1990, programu ya injini imo ndani ya chipu ya kumbukumbu. Chipu ya 27C256, kwa mfano, hubeba baiti 32,768, na ile yenye kidirisha juu yake hufutwa kwa miale ya urujuanimno. Fundi huing'oa ile iliyokuja na gari, hulehemu soketi mahali pake, kisha huchomeka chipu aliyoiandika mwenyewe. Ndani yake mna jedwali ambalo upande mmoja ni kasi ya injini na upande wa pili ni shinikizo la hewa ndani ya manifoldi, yaani bomba linalogawa hewa kwenye silinda. Likiwa la 16 kwa 16 lina visanduku 256, na namba iliyomo katika kila kisanduku ndiyo inayoamua injekta, yaani kinyunyizio cha petroli, ikae wazi kwa muda gani.

Muda huo si wa kuchezewa. Injini ya mipigo minne inayozunguka mara 6,000 kwa dakika hukamilisha duru yake ya kazi kwa milisekunde 20, kwa hiyo injekta iliyo wazi kwa milisekunde 16 imekwisha kutumia asilimia 80 ya nafasi yake. Ukikaribia mwisho wa nafasi hiyo, hakuna namba utakayoandika itakayoleta petroli zaidi. Utahitaji injekta kubwa, na pengine pampu mpya.

Sasa tazameni hewa. Huku kwetu juu, shinikizo la angahewa ni takriban kilopaskali 83, ilhali Mombasa ni 101. Geji ya tabo huonyesha ziada tu juu ya hewa ya nje, na vali inayopitisha moshi kando ya tabo, ikitawaliwa na springi peke yake, hufuata ziada hiyohiyo. Geji ikisoma 100 hapa Nairobi, manifoldi ina kilopaskali 183 kamili. Ikisoma 100 Mombasa, ina 201. Hewa imeongezeka kwa karibu asilimia 10, bila mtu kugusa chochote, na kompyuta imeingia katika visanduku ambavyo fundi hakuwahi kuviona vikifanya kazi.

Akiwa ameviacha na namba ileile ya kisanduku cha kilopaskali 183, uwiano wa hewa na petroli uliokuwa 11.8 kwa 1 hupanda hadi karibu 13, yaani petroli inakuwa haba kwa hewa iliyopo, tena kwenye joto la pwani. Hapo mchanganyiko hulipuka wenyewe kabla mwali wa plagi haujaufikia, na pistoni huvunjika kwenye kingo za ringi. Magari mengi ya tabo yaliyotoka Japani yalipangiwa petroli ya huko yenye okteni (kipimo cha petroli kustahimili kutolipuka yenyewe) ya karibu 100, ambayo ni juu ya ile tunayojaza vituoni, kwa hiyo nafasi ya kukosea ni finyu tangu mwanzo. Ndiyo maana ninashikilia kwamba kumuuzia mteja nakala ya chipu iliyoandikiwa gari jingine ni kumkosea.

Dawa yake ni hesabu, kisha kipimo. Chukua muda halisi wa kunyunyiza uliothibitishwa kwenye 183, uzidishe kwa 201 na kugawanya kwa 183, kisha ndipo ujumlishe muda ambao injekta hupoteza katika kufunguka. Cheche nayo uicheleweshe kidogo. Halafu teremka na gari hadi Voi na zaidi, kihisi cha lambda cha masafa mapana, kinachopima uwiano wa hewa na petroli, kikiwa kwenye ekzosi na mtu wa pili akisoma kompyuta, usahihishe kisanduku kwa kisanduku. Kama gari litachukuliwa kabla ya safari hiyo, andika ndani ya chipu kikomo cha kukata petroli kwenye kilopaskali 190, na umweleze mwenyewe sababu yake kabla hujampa ufunguo.