Kitabu cha Kuponya Moyo Husomwa na Kalamu Mkononi

Ndugu zangu, narudia ninalolisema kila ninapoalikwa: vitabu vizuri vya kujisaidia kuponya moyo vinasomwa vibaya, kama riwaya. Mtu anamaliza kurasa 300 kwa siku tatu, anapigia mistari, mazoezi yote kayaruka. Kisha analalamika kwamba havisaidii, ananunua kingine!

Chukueni zoezi moja tu, jedwali la mawazo, linalotokana na tiba ya kuhoji mawazo aliyoiasisi daktari wa akili Aaron Beck huko Marekani miaka ya 1960. Daftari la kawaida, safu tano. Ya kwanza tukio: "Dada hakupokea simu." Ya pili hisia na ukali wake kati ya 0 na 100: huzuni, 80. Ya tatu wazo lililokujia: "Amenichoka." Ya nne ushahidi, unaoliunga mkono na unaolipinga. Ya tano wazo jipya linalozingatia ushahidi wote, kisha pima hisia tena. Ikishuka hadi 55, zoezi limefanya kazi. Usingoje sifuri.

Watu hukosea wapi? Wanaandika "najiona sifai" kwenye safu ya hisia. Hilo ni wazo! Ukiliita hisia hutalihoji, maana hisia haidaiwi ushahidi. Halafu safu ya tano wanaijaza maneno matamu: "Mimi ni mshindi." Mwaka 2009 mwanasaikolojia Joanne Wood na wenzake walichapisha utafiti ambamo watu walirudiarudia kwamba wao ni wa kupendwa, na waliokuwa wakijidharau tangu awali waliishia kujisikia vibaya zaidi. Andika unachoweza kukiamini: "Leo ana zamu ya usiku, na juzi alinipigia mwenyewe."

Najua mtu atasema hayo ni ya wasomi wenye nafasi. Hapana. Katika Kambi ya Rhino, kaskazini mwa Uganda, mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kujisaidia kupunguza dhiki ulijaribiwa katika utafiti wa wanawake wakimbizi 694 kutoka Sudan Kusini: vikao vitano vya saa mbili mbili, mafunzo ya sauti iliyorekodiwa, kitabu cha michoro, na wawezeshaji wasio wataalamu. Matokeo yalichapishwa 2020: miezi mitatu baadaye, waliopitia vikao walikuwa na dhiki ndogo kuliko wenzao ambao hawakuvipitia. Lakini angalieni, kitabu hakikuachwa peke yake. Kulikuwa na siku maalumu na wenzao wa kukaa nao. Nawe tafuta mtu mmoja wa kukuuliza kila wiki, "Umeandika?"

Muda unanibana, haya nayapitia haraka. Kitabu kimoja, sura moja kwa wiki. Mwandishi anayekuambia uache dawa za hospitali, muache yeye. Usiku ukiwa peke yako, usijilazimishe kulifukua tukio la kubakwa au la vita kwa sababu tu sura fulani imekutaka. Hilo lifanye pamoja na mtaalamu. Wiki nne zikipita usingizi haujarudi, nenda hospitali na daftari lako, litamsaidia daktari. Na anayewaza kujiua asingoje wiki nne wala sura inayofuata: amwambie mtu leo, asindikizwe hospitali leo.