Mizani Kwanza, Mbegu Baadaye
Mhadhara kwa wafugaji wa ng'ombe wa nyama, Mbarara

Wazee wangu, akina mama, ndugu wafugaji. Mlinisikia Kiruhura, mkanisikia Isingiro, na leo nalirudia lilelile: mizani kwanza, mbegu baadaye, yaani pima uzito wa madume kabla ya kuchagua wa kupanda majike. Nitalisema mpaka kila zizi liwe na mizani, au walau utepe wa kupimia kifua ili kukadiria uzito.

Kuna anayejiuliza, jeni, yaani vinasaba vya urithi, ni mambo ya maabara, yanatuhusu nini sisi? Tazameni ng'ombe wetu wa Ankole. Babu zetu walipenda pembe kubwa na rangi ya bihogo, ule wekundu uliokolea. Wakachagua dume mwenye pembe na rangi hiyo, akapanda majike, ndama wakafuata. Kizazi baada ya kizazi, mpaka leo mgeni akiona pembe zile anasimamisha gari. Vinasaba mmevifanyia kazi kabla ya maabara yoyote, na mlichochagua mmekipata. Uzito hamkuuchagua.

Tena tunafanya kinyume, na hili linaniuma. Dume anayekua haraka ndiye anayefikia bei kwanza, basi ndiye anayepakiwa kwenye lori la kwanza kwenda Kampala. Anayebaki kupanda majike ni yule ambaye mnunuzi alimkataa. Halafu tunalalamika kwamba ng'ombe wa Ankole hakui!

Nipeni hesabu kidogo. Madume wako wamezaliwa msimu mmoja, wamelishwa pamoja. Wakitimiza mwaka, mmoja anazidi wastani wa wenzake kwa kilo 40. Si kilo zote hizo zimetoka kwenye damu. Yamo maziwa ya mama, minyoo, kupe, bahati ya mvua. Kwa uzito wa mwaka mmoja, sehemu inayorithiwa kwa ng'ombe wa nyama hukadiriwa asilimia 40 hivi, na penye shida ya malisho inaweza kuwa chini zaidi. Tuchukue hiyo 40. Asilimia 40 ya kilo 40 ni kilo 16. Ndama hupata nusu ya jeni zake kwa baba, basi kwa wastani anarithi kilo 8.

Mtasema, kilo nane tu? Nane kwa kila ndama! Ndama 30 ni kilo 240 kwa mwaka, bila gunia moja la chakula, na mabinti wa dume yule nao watapitisha sehemu ya urithi huo kwa watoto wao. Ila linganisheni kwa haki. Ndama wa kiangazi msimlinganishe na ndama wa mvua, wala ndama wa mtamba aliyezaa mara ya kwanza na wa jike mzima mwenye maziwa mengi.

Sasa vijana mtanionyesha picha kwenye simu: yule ng'ombe wa Ubelgiji, Belgian Blue, misuli imefura kila upande. "Mwalimu, tuletee mbegu hiyo." Sikilizeni. Kuna jeni iitwayo miostatini, na kazi yake ni kuzuia misuli isizidi. Mwaka 1997 watafiti walionyesha kwamba kwa Belgian Blue jeni hiyo imepotewa na herufi 11 za DNA, kizuizi hakifanyi kazi, nyuzi za misuli zinaongezeka. Kwa Piedmontese wa Italia ni herufi moja tu iliyobadilika. Nyama ni nyingi, kweli. Lakini ndama ni mnene, njia ya jike ni nyembamba, na kwao Belgian Blue wengi huzalishwa kwa upasuaji. Wewe uko Nakasongola, usiku, daktari yuko mbali. Utampasua nani, na kwa kisu gani?

Na msidhani ukuaji una jeni moja. Ipo jeni iitwayo PLAG1 kwenye kromosomu ya 14 (kromosomu ni nyuzi zinazobeba jeni), inayohusishwa sana na ukubwa wa mwili, lakini nyuma yake ziko nyingi mno, kila moja ikiongeza kidogo. Kidogokidogo hizo zote mizani inazipima kwa pamoja.

Sipingi chotara. Ankole kwa Boran, aina ya ng'ombe wa nundu, mkapata ndama wa kwanza wazuri, vyema, lakini mkipandisha chotara kwa chotara, sehemu ya nguvu iliyoletwa na mchanganyiko wa damu inapungua. Wataalamu wa vinasaba pale Entebbe wapo, waulizeni kabla ya kuchanganya.

Muda umenibana, ulaini wa nyama niuguse tu. Baada ya kuchinja, vimeng'enya viitwavyo kalpaini hulainisha misuli, na kalpastatini huvizuia. Zebu, yaani ng'ombe wa nundu, wana kalpastatini nyingi, ndiyo sababu mojawapo nyama yao ni ngumu. Lakini kalpaini huhitaji siku kadhaa kwenye baridi, na sisi tunachinja alfajiri, mchana nyama iko chunguni. Mbegu iliyopimwa kwa ulaini anunue yule ambaye bucha lake lina chumba cha baridi.

Haya, maswali. Tuanze na wenzetu wa Karamoja.