Akili Yake Ilipimwa Wapi?

REHEMA: Karibuni tena. Mimi ni Rehema, niko na kaka Idrisa. Leo nina jambo la nyumbani. Mtoto wa kaka yangu yuko kidato cha sita, anapenda kompyuta kuliko chakula. Wakisema neno hawa matajiri wa teknolojia wa Marekani, iwe vita, malezi au chanjo, kwake mjadala umekwisha. Nikimpinga ananijibu, "Shangazi, huyu ana akili kutuzidi sote."

IDRISA: Na akili kweli wanayo.

REHEMA: Sibishi. Ila akili ya nini? Nikamkumbuka William Shockley.

IDRISA: Wa transista, kile kifaa kidogo kinachodhibiti umeme ndani ya vyombo vya elektroniki.

REHEMA: Huyo huyo. Bila transista, simu hii tunayorekodia haipo. Hata redio ya betri ya marehemu baba, ile tuliyosikilizia RTD, ilikuwa ya transista. Ya kwanza iliundwa Desemba 1947 kwenye maabara za Bell, za kampuni ya simu huko Marekani, na John Bardeen na Walter Brattain. Shockley alikuwa mkuu wao, lakini kifaa kile kilipofanya kazi, mkono wake haukuwemo. Likamuuma sana. Akataka hataza, yaani hati ya umiliki wa uvumbuzi, iandikwe jina lake peke yake, eti wazo la awali lilikuwa lake. Kuna picha ya 1948: Shockley kaketi mbele ya hadubini, wenzake wamesimama nyuma. Asiyejua atadhani wale wawili ni wasaidizi.

IDRISA: Ngoja dada, tumtendee haki. Muda mfupi baadaye alibuni transista ya aina nyingine, na ndiyo iliyofaa zaidi viwandani. Nobel ya 1956 walipewa wote watatu. Hakuiba.

REHEMA: Hakuiba. Alikuwa na kipaji kikubwa mno, ndiyo maana habari yake inanisumbua. Mwaka huo huo anafungua maabara Mountain View, California, anakusanya vijana wenye vichwa hasa. Hakuweza kukaa nao hata miaka miwili. Mfanyakazi mmoja alijichoma mkono, Shockley akaona ni hujuma, akataka watu wapimwe kwa mashine ya kutambua uongo. Kumbe ni pini iliyovunjika! Mwaka 1957 wanane wakaondoka kwa mpigo, wakaanzisha kampuni yao ya kutengeneza transista, Fairchild Semiconductor. Wawili kati yao, Robert Noyce na Gordon Moore, ndio walioanzisha Intel, kampuni ya chipu za kompyuta, 1968.

IDRISA: Yaani Silicon Valley, lile eneo la kampuni za teknolojia huko California, kwa sehemu kubwa imejengwa na watu waliomkimbia. Halafu akaanza yale ya watu weusi.

REHEMA: Miaka ya 60. Mwanafizikia, hakusomea mambo ya vinasaba, anazunguka akihubiri kwamba watu weusi wamezaliwa na akili pungufu. Akapendekeza wenye alama ndogo kwenye vipimo vya akili walipwe fedha ili wafungwe uzazi. Niambie, Idrisa: mwalimu wa kawaida angesema hayo, nani angemwekea kipaza sauti? Milango alifunguliwa na Nobel. Walimpima kwenye elektroni, wakamsikiliza kwenye habari za utu wa watu.

IDRISA: Hilo linanigusa, maana yamenikuta. Kampuni moja niliyofanyia kazi zamani, bosi alikuwa fundi wa programu hasa. Kilichokukwamisha siku mbili, yeye anakifumua kwa nusu saa. Akatushauri tuvunje kikoba chetu, fedha tumpe azizungushe. Hakuna aliyeuliza atazizungushia wapi. Tuliona kichwa kile hakiwezi kukosea. Mwenzetu mmoja alikuwa ameweka ada ya mtoto. Hatukurudishiwa hata shilingi. Mimi ndiye niliyekuwa mweka hazina, na mimi ndiye niliyewashawishi wenzangu. Inaniuma mpaka leo.

REHEMA: Pole sana, kaka. Pole kweli.

IDRISA: Ahsante. Ila nisingependa kijana wako aondoke akidhani kila mwenye kipaji ana roho mbaya.

REHEMA: Hapana, ndiyo maana namtaka Bardeen. Huyo alipata Nobel ya fizikia mara mbili, hakuna mwingine aliyefika hapo. Ya pili, 1972, aligawana na wawili, na mmoja wao, Robert Schrieffer, alikuwa mwanafunzi wake. Alipochoka kubanwa na Shockley, mwaka 1951 aliondoka akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha Illinois. Alipenda kuwachomea nyama marafiki nyumbani kwake, na wengi wao walikuwa wanakula tu, hawajui mwenyeji wao kafanya nini duniani.

IDRISA: Maabara moja, tuzo moja.

REHEMA: Ungewapa wote wawili mtihani wa fizikia, usingejua yupi wa kumwachia mwanao.

IDRISA: Sasa kijana utamwambia nini?

REHEMA: Kwanza simwambii kitu. Nitamwonyesha ile picha ya 1948, nimuulize: katika hawa watatu, nani kakiunda hicho kifaa?