Kistuli cha kupandia, ubao mmoja wa futi 4 unatosha

Assalaam alaykum jamani, wakubwa shikamooni, vijana mambo. Niende moja kwa moja.

Zipo nyumba za wazee hapa Tanga bado zina samadari, kile kitanda kirefu, na zamani kilikuwa na kistuli chake pembeni cha kupandia. Vistuli vimepotea, vitanda vimebaki, sasa bibi anapandia kiti cha plastiki, na jikoni nako hivyohivyo, mama anataka sufuria la juu ya kabati anavuta kreti la soda. Kiti cha plastiki ukisimama ukingoni miguu inatanuka, na mtu mzima akianguka nyonga ndo inaondoka. Mimi hili linaniuma kwa sababu dawa yake ni ubao mmoja tu.

Ubao nunueni wa inchi moja kwa kumi, urefu futi 4. Sio lazima mninga, msindano unatosha kabisa ila uwe mkavu, mbichi utakauka ukiwa ndani kwako, utasinyaa na skrubu zitalegea. Ukipata kipande cha mtiki usikiache, shamba la Longuza liko hapo Muheza, na mti ule una mafuta yake, unyevu wa pwani hausumbui sana.

Kata sentimita 40 ya kukanyagia, vipande viwili vya 22 ndo mbavu, alafu kipande cha 32 ukipasue kwa urefu upate mbao mbili za upana wa 10, hizo za kukazia mbele na nyuma. Itabaki fito nyembamba, msiitupe, ikateni katikati, tutaihitaji sasa hivi.

Hapa ndo nataka tukae kidogo. Nyuzi za mbao zinakwenda na urefu wa ubao. Skrubu ikiingia kutokea bapani inakata nyuzi na nyuzi zinaibana, lakini ikiingia kichwani, pale msumeno ulipopita, inapenya sambamba na nyuzi, haishiki vizuri, ukiivuta inatoka na unga. Watu wengi wanagongelea ubao wa juu kwenye vichwa vya mbavu basi, wanaona imekaza, kumbe anayepanda hasimami katikati kila siku, anaegemea huku na huku na msumari unajing'oa polepole. Ndo kazi ya zile fito, kila moja unaifunga kwa ndani, pembeni pale ubavu unapokutana na ubao wa juu, skrubu moja moja kwenda ubavuni, nyingine kwenda juu, zote zinaingia bapani. Tumieni fupi zisije zikatokeza unapokanyaga. Zile mbao za 10 nazo zikae kati ya mbavu mbili, chini ya ubao wa juu zikiugusa, gundi na skrubu za inchi 2, hizo ndo zinazuia kistuli kisilale upande ukipanda kwa mguu mmoja.

Kitu kingine, ubavu wako ni 22 kwa karibu 24, unakaribia mraba, ni rahisi kuugeuza bila kujua. Ukishakata tu chora mshale kwa penseli kufuata nyuzi, mshale uangalie juu. Nyuzi zikilala, mguu unapasuka. Kwa chini toa pembetatu katikati ya ubavu zibaki nyayo mbili, kwa sakafu zetu hizi za saruji kitatulia zaidi.

Toboeni kwanza kwa drili kabla ya skrubu, hasa karibu na ukingo. Na jamani huku kuna chumvi ya bahari, skrubu nyeusi zile zinaota kutu haraka, chukueni za mabati au shaba.

Ubao wa juu msiuzidishe nje ya mbavu, sentimita 2 kila upande imetosha, ukizidi mtu atakanyaga ncha na kistuli kitabinuka. Msasa pigeni vizuri kwenye kona, watoto wanapita hapo. Vanishi pakeni mbavuni, lakini juu pa kukanyagia hapana, mtu anatoka kuoga miguu ina maji anateleza. Juu gongeleeni vipande viwili vya tyubu ya baiskeli, vichwa vya misumari vizame kwenye raba.

Gundi iacheni ikauke mpaka kesho, alafu apande kwanza mtu mzito kuliko wote nyumbani, asimame ukingoni sio katikati. Kikilia, geuzeni muangalie zile fito.

Haya, msumeno huu hapa, nani anaanza kukata?