Nyimbo nane za klabu: albamu ya kwanza ya Madonna

Ndugu zangu, karibuni. Wengi wetu likitajwa jina la Madonna tunaona picha kwanza: bangili, misalaba, nywele. Leo tuziweke kando hizo, tusikilize tu. Singo yake ya kwanza, "Everybody", ilitoka Oktoba 1982 bila sura yake kwenye jalada, na wako waliodhani aliyeimba ni Mmarekani Mweusi.

Wimbo huo ulianzia Danceteria, klabu ya New York, ambako Madonna alimpelekea DJ Mark Kamins kaseti ya demo. Kamins akaipiga, na ukumbi ukaendelea kucheza. Usaili wake ulikuwa huo! Kutoka hapo kaseti ikamfikia Seymour Stein, bosi wa kampuni ya rekodi ya Sire Records, aliyekuwa amelazwa hospitalini. Hakungoja kupona; alimwita binti huyo pale pale wodini.

Albamu ikatoka Julai 1983, nyimbo nane tu, tano kaziandika mwenyewe, akiwa na miaka 24. Nyingi zilitayarishwa na Reggie Lucas, mpiga gitaa aliyepitia bendi ya Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazi, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Husemwa kwamba huu ni muziki wa mashine. Ngoma, ni kweli, ni za LinnDrum, mashine ya kupiga ngoma. Lakini tegeni sikio "Borderline", chini kabisa: besi ya sintesaiza inatembea, na Anthony Jackson anaandamana nayo kwa gitaa la besi. Mashine inatia uzito, vidole vinatia mnyumbuko. Nawaambia hasa ninyi vijana wa biti, mnaoridhika na besi ya kwanza iliyojitokeza kwenye kompyuta.

"Holiday" hakuuandika yeye. Ni wa Curtis Hudson na Lisa Stevens, na waimbaji wengine walishaukataa. Aliyeutayarisha ni Jellybean Benitez, DJ ambaye mpaka siku hiyo hakuwa ametayarisha rekodi yoyote. Anajua watu wanachoka wapi ukumbini: wimbo unazunguka pale pale, kisha mwishoni piano ya Fred Zarr inaingia na kuwaamsha. Na ile kengele ya chuma inayogongwa katikati ya mapigo? Anaigonga Madonna mwenyewe.

Sauti yake ni nyembamba, tusidanganyane. "I Know It" mimi huuruka. Lakini juu ya vinanda vile sauti nzito ingezama.

Na haikulipuka mara moja. Kwenye chati ya Marekani "Holiday" iliishia nafasi ya 16, "Borderline" ya 10, na "Lucky Star" ikafika ya 4 mwaka 1984, zaidi ya mwaka tangu albamu itoke. Albamu ya pili ilishakamilika, ikawekwa kabatini mpaka Novemba 1984, kwa sababu ya kwanza ilikuwa bado inauzika.

Haya, maswali. Nani anaanza?