Vukeni Korongo: Kuhusu Matembezi ya Mzunguko ya Old Moshi

Mhadhara uliotolewa mjini Moshi mbele ya walimu, wazee wa mila na vijana wanaoongoza wageni.

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, walimu wenzangu, na ninyi vijana mnaoongoza wageni, nawashukuru kwa kuniita tena. Wengi wenu mmekwisha kunisikia nikilisema jambo hili, na leo nitalirudia kwa sababu bado halijatendeka. Habari za Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Moshi aliyenyongwa na Wajerumani, mnazijua, na sina haja ya kuwaeleza baba yake, Mangi Rindi, alikuwa nani wala mti uko wapi. Nimekuja kuzungumzia njia. Ninataka matembezi ya kumbukumbu ya Old Moshi, huku kwetu kwenye mteremko wa Kilimanjaro, yawe ya mzunguko: yaanzie Kiboriloni, yapande kupitia Kidia, yavuke korongo kwa korongo, yafike Tsudunyi kwenye mti alikonyongewa Mangi, kisha yateremke kwa njia nyingine hadi pale yalipoanzia, na yote yafanywe kwa miguu.

Tunachokifanya sasa mnakijua. Gari linapanda moja kwa moja hadi karibu na mti, watu wanateremka, wanasikiliza maelezo ya robo saa, wanapiga picha, wanarudi mjini kula. Kila tarehe 2 Machi tunafanya hivyo, na siku nyingine za mwaka wageni wanafanya hivyo hivyo. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo na wanafunzi wangu kwa miaka mingi, na ndiyo maana naweza kuwaambia kasoro yake kwa ndani.

Mwaka mmoja nilipeleka darasa zima la kidato cha pili kwa basi dogo. Tulifika, nikaeleza kama nilivyozoea, kwamba tarehe 2 Machi 1900 Meli alinyongwa pamoja na viongozi wengine 18, na kwamba miaka minane kabla ya hapo, tarehe 10 Juni 1892, yeye na wapiganaji wake walikishinda kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na von Bülow, naye von Bülow akafa kwa majeraha ya vita hivyo. Binti mmoja aliyekuwa nyuma akainua mkono akauliza, "Mwalimu, hao Wajerumani walitokea upande gani?" Nikanyoosha mkono kuelekea mashariki, nikasema, "Kule, Marangu." Akatazama kule nilikoonyesha, akaona migomba na paa la nyumba ya jirani. Akauliza tena, "Sasa walishindwaje, kama walikuwa na askari waliofunzwa vita?" Nikajibu kwamba wapiganaji wa Meli walikuwa hodari. Lile halikuwa jibu. Watu hodari wameshindwa vita vingi, na binti yule alilijua hilo. Aliandika maneno yangu kwenye daftari kwa heshima, nasi tukapanda basi.

Jambo lile lilinisumbua kiasi kwamba baada ya mvua za masika nilipanda tena peke yangu, nikamwendea mzee mmoja ambaye kihamba chake, yaani shamba la ukoo lenye nyumba na migomba, kiko ukingoni mwa korongo, nikamweleza swali la mwanafunzi wangu. Hakunijibu. Alichukua fimbo yake akasema, "Mwalimu, wewe umefika hapa kwa gari. Twende." Tukateremka korongoni kwa njia ya wanawake wanaokata majani ya ng'ombe. Ilikuwa na utelezi, nami nilishika mizizi kwa mikono miwili. Tulipofika chini tukavuka maji, tukaanza kupanda upande wa pili, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba mtu anayepanda ukuta wa korongo hana jicho la kutazama mbele, kwa kuwa analitumia lote kuangalia mguu wake unakanyaga wapi, wala hana mkono wa kushikia bunduki. Tulipotokea juu nilikuwa ninahema, na mbele yangu palikuwa na migomba, mibuni na masale, ile mimea ya mpakani. Nikageuka nimwulize mzee jambo, nikakuta hayupo.

Nilimwita, akaitika. Sauti ilikuwa karibu sana, lakini sikumwona. Nikazunguka huku na huku kwa muda mrefu, kisha akaniambia, "Hesabu hatua mpaka ufike kwangu." Zilikuwa hatua 17. Alikuwa amesimama wima kando ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, hakuchutama wala hakujificha, na majani ya migomba yalitosha kumfunika. Akasema, "Meku wangu, babu yangu, aliniambia kwamba siku ile wageni waliwasikia watu wetu kabla ya kuwaona." Kisha akanionyesha mfongo wenyewe, maji yakipita kimya, akaniambia kwamba asiyejua mfongo unapopita huanguka ndani yake, na anayejua hupita ndani yake akiwa ameinama, hata aliyeko kihamba cha pili asijue kwamba kuna mtu.

Ndugu zangu, hilo ndilo jibu la swali la binti yule, na haliwezi kutolewa pale penye mti hata kwa mwongozaji mwenye ufasaha wa kiasi gani. Kikosi kilichotoka kituo cha Marangu kilikuwa na maofisa Wajerumani na askari Waafrika, kwa kuwa jeshi lile la koloni lilianza kwa kuandikisha watu kutoka Sudani na Msumbiji, na watu hao walijua vita kuliko wengi wetu tunavyodhani. Meli naye alikuwa na bunduki, kwa maana Moshi ya baba yake ilikuwa imefanya biashara na misafara ya pwani kwa miaka mingi. Tofauti ilikuwa ardhi. Mwenye kujua korongo linavukwa wapi, mfongo unakwenda wapi na kihamba cha nani kinapakana na cha nani, alikuwa na silaha ambayo mwenzake hakuweza kuinunua. Mwanafunzi akivuka korongo moja tu kwa miguu yake hahitaji kuhubiriwa ushujaa wa babu zake, kwa sababu mapafu yake yamekwisha kumweleza.

Kuna sababu ya pili ya kudai mzunguko, nayo kwangu ni nzito zaidi. Mti unasimulia mwaka 1900. Unasimulia kamba na kifo, na kile kilichofuata baadaye, yaani kichwa kinachoaminiwa kuwa kilipelekwa Ujerumani, na ukoo ulioendelea kukitafuta kwa miongo mingi. Mwaka 2023 uchunguzi wa vinasaba uliofanywa Berlin ulionyesha kwamba baadhi ya mafuvu yaliyochukuliwa kutoka huku yana ndugu walio hai, likiwemo la mshauri wa Meli aliyeitwa Akida, lakini fuvu la Mangi mwenyewe halikuwa miongoni mwao. Hayo yote ni ya kweli na yanastahili machozi. Lakini anayefika kwenye mti tu na kurudi anaondoka akijua kwamba tulinyongwa, bila kujua kwa miguu yake kwamba kabla ya hapo tulishinda. Kwamba Wajerumani hawakuivunja nguvu ya Moshi hadi Agosti 1893, ofisa wao von Schele alipokuja na jeshi kubwa zaidi. Na kwamba boma lao lilihamishwa kutoka Marangu kuja Moshi kwa sababu hii ndiyo sehemu waliyotaka kuiweka chini ya macho yao. Ushindi wa 1892 uko mabondeni, na mabondeni hatuendi. Tumewafundisha watoto kuja kuomboleza mahali ambapo walipaswa pia kujifunza vita.

Ninajua mtakayonijibu. Wako watakaosema kwamba njia ya kwenda na kurudi inatosha, watu wapande kwa miguu na kushuka kwa njia ile ile. Haitoshi, kwa sababu ya umbo la mlima wetu. Makazi yetu yako kwenye migongo inayoteremka kutoka msituni, na kila mgongo umetengwa na mwenzake kwa korongo. Ukipanda na kushuka kwa njia moja unabaki kwenye mgongo mmoja, na unaweza kutembea siku nzima bila kuvuka chochote. Mzunguko unakulazimisha kuvuka. Pia unakuonyesha mlima kutoka pande zote mbili: upande wa anayekuja na upande wa anayengoja.

Wako watakaosema kwamba vihamba ni mali za watu na kwamba haifai kupitisha wageni kati ya makaburi ya wazazi wao. Hoja hii ninaiheshimu kuliko zote. Mimi sitaki njia ichorwe ofisini na kutangazwa. Ninataka kila mwenye kihamba aulizwe nyumbani kwake, na anayekataa njia izunguke mpaka wake bila manung'uniko. Mpita njia abishe hodi, asalimie, angoje kuitikiwa. Masale yaliyopandwa mpakani yana maana yake, na mgeni aelezwe maana hiyo kabla hajaugusa mmea. Malipo nayo yasiishie kwa mwenye gari wa mjini. Mama anayeuza ndizi na chai kwenye mgongo wa pili apate sehemu yake, jambo ambalo haliwezekani iwapo gari linapita mbele yake bila kusimama.

Na yuko mzee mmoja wa Marangu aliyenisimamisha sokoni akaniuliza kwa uchungu kama tunataka kutembea tukimsifu mtu aliyekuwa hasimu wa babu zake. Mzee wangu, kama umo humu ukumbini, nakujibu kwa heshima. Mangi Marealle wa Marangu alikuwa na sababu zake za kushirikiana na Wajerumani. Milki zetu zilikuwa zimepigana na kunyang'anyana ng'ombe kabla Mjerumani hajauona Mlima Kilimanjaro, na kila Mangi alitafuta mshirika alipoweza kumpata. Hatutalificha hilo. Kikosi kilitoka Marangu, na mwongozaji atasema kilitoka Marangu na kwa nini. Kumbukumbu inayoliruka jambo hilo kwa kuogopa kumkwaza jirani itakuwa imemdanganya mgeni na kumdharau jirani mwenyewe, kana kwamba hawezi kuustahimili ukweli.

Mwenyekiti ananionyesha saa, nami nilikusudia kuzungumza kwa kirefu juu ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, vita vya 1914 hadi 1918 kati ya Waingereza na Wajerumani huku kwetu, ambavyo navyo vimeacha alama kote tunakoishi. Nitasema kwa haraka. Ninyi mliotoka Arusha mnayo Longido, ambako tarehe 3 Novemba 1914 Waingereza walishambulia kutoka upande wa Namanga wakarudishwa nyuma, na ukosefu wa maji ulikuwa miongoni mwa sababu. Hapo nako mtembeaji aliyebeba maji yake mwenyewe ataelewa mengi. Huku kwetu reli kutoka Tanga ilikuwa imefika Moshi mwaka 1911, na mji huu ukawa kituo kikuu cha von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, mpaka jeshi la Smuts, jenerali wa upande wa Waingereza, lilipopigana kwenye vilima vya Latema na Reata karibu na Taveta na kuingia Moshi katikati ya Machi 1916, kisha likaenda kupigana Kahe tarehe 21 mwezi ule ule. Hapa mjini tuna makaburi ya vita yanayotunzwa vizuri na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, na majina yameandikwa kwenye mawe. Wapagazi waliobeba mizigo ya vita vile walikuwa mamia ya maelfu, wengi walikufa kwa njaa na kuhara njiani, na walio wengi hawana jiwe. Nilitaka kupendekeza mzunguko wa Kahe kwa ajili yao. Hilo tuliachie siku nyingine, kwa maana tukianza miwili kwa pamoja hatutamaliza hata mmoja.

Kuhusu alama za njiani, ngazi za udongo mahali penye utelezi, na mafunzo ya waongozaji, nimeandika karatasi ambayo vijana watawagawia mlangoni. Naomba jambo moja tu liamuliwe leo kabla hatujatawanyika, nalo ni kwamba gari lisipande tena na wanafunzi hadi penye mti. Mlemavu na mzee asiyeweza kutembea wapelekwe kwa gari, na wapewe heshima zote. Mwanafunzi mwenye miguu yake miwili atembee.

Jumamosi ijayo tutaupita mzunguko wote, na yeyote kati yenu anakaribishwa. Tutakutana Kiboriloni, kando ya soko, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Vaeni viatu vyenye meno, bebeni maji na kipande cha ndizi, na simu ziwe mfukoni hadi tutakapofika Tsudunyi. Mzee yule niliyewaeleza habari zake ameahidi kutungojea ng'ambo ya korongo la kwanza. Tukifika ukingoni itabidi tumwite kwa sauti, kwa maana hatutamwona.