Kitabu Kisifike Baada ya Mtihani: Mhadhara Kuhusu Huduma kwa Wanafunzi Wenye Ulemavu

Walimu wenzangu, wakuu wa shule na vyuo, wazazi, na ninyi wanafunzi mliofika, nawashukuru kwa kuja. Waandalizi waliniomba nizungumzie huduma kwa wanafunzi wenye ulemavu shuleni na vyuoni. Mada hiyo ni pana mno kwa saa moja, kwa hiyo nitaikamata kwa upande mmoja, nao ni wakati. Siku hizi ni nadra kusikia shule ikikataa waziwazi kumhudumia mwanafunzi. Inakubali, inaandika barua, inaunda kamati, halafu kitabu kinafika mtihani umeshapita.

Tuanze na hicho kitabu. Ukurasa mmoja wa maandishi ya kawaida, ukigeuzwa kuwa nukta nundu, yaani maandishi ya vinundu ambayo asiyeona huyasoma kwa vidole, huzaa kurasa mbili hadi tatu, tena za karatasi nene. Kitabu cha fizikia ambacho mwanafunzi anayeona anakitia kwenye begi lake, kwa mwenzake asiyeona kinakuwa majuzuu kadhaa ya kupanga rafuni. Na hapo maneno ndiyo sehemu nyepesi. Chukueni mchoro wa moyo wa binadamu. Ukiuchapa vilevile ulivyo kwa mistari ya kuinuka, kidole kitapapasa vurugu tupu, kwa sababu kidole husoma kidogo kidogo, hakioni mchoro wote kwa mara moja kama jicho. Lazima mtu anayejua biolojia akae, aamue mistari ipi ibaki na ipi iondoke, autenganishe mchoro mmoja kuwa miwili au mitatu, aweke majina mahali ambapo hayatagongana na mishipa, kisha ampe msomaji asiyeona aujaribu. Kazi hiyo ni ya wiki nzima na zaidi. Mhadhiri anayetangaza orodha ya vitabu siku ya kwanza ya muhula, hata kama ana moyo mwema kabisa, ameshamweka mwanafunzi huyo nyuma kabla somo halijaanza.

Mtu ataniambia kwamba sasa kuna kompyuta zinazosoma kwa sauti. Ni kweli, na zimewafungulia wengi mlango. Lakini kwa kawaida programu ya kusoma skrini husoma maandishi, haisomi picha ya maandishi. Mwalimu akipiga picha kurasa za kitabu kwa simu, akazituma kwenye kundi la darasa, wanafunzi wengine wote wamepata somo; mwanafunzi asiyeona amepata faili ambalo kompyuta yake inalitangaza kuwa ni picha, basi. Mara nyingi dawa ni ndogo: tuma faili lile la awali uliloandikia, weka vichwa vya habari kwa mtindo wa programu yenyewe, na chini ya kila mchoro andika sentensi mbili za kueleza kilichomo. Hata sheria za hakimiliki zimeshalegezwa. Mkataba wa Marrakesh ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2016, na katika nchi zilizouridhia kitabu kinaweza kugeuzwa kuwa cha nukta nundu, cha sauti au cha maandishi makubwa bila kungoja ruhusa ya mwenye haki, na nakala hiyo ikavuka mpaka kwenda kwa msomaji mwingine. Maktaba ya chuo isiyojua habari hii inangoja kibali ambacho huenda haikihitaji.

Kuchelewa huku kuna historia ndefu. Louis Braille alipoteza uwezo wa kuona akiwa mtoto mdogo, akasoma katika taasisi ya vijana wasioona mjini Paris, na mwaka 1829 akachapisha mfumo wake wa nukta sita, ndizo hizo nukta nundu. Wanafunzi waliupenda kwa sababu uliwawezesha kusoma na pia kuandika wenyewe. Taasisi ileile aliyosoma na kufundisha iliupokea rasmi mwaka 1854, naye alikuwa amefariki tangu 1852. Miaka 25 ilipita huku walioona wakishikilia herufi za kawaida zilizochapwa kwa kuinuliwa, kwa sababu hizo ndizo macho yao yaliweza kuzisoma. Na walimu wa viziwi waliokutana Milan mwaka 1880 walipitisha kwamba watoto wafundishwe kwa kusema kwa mdomo, lugha ya alama iwekwe kando. Shule nyingi duniani zikafuata. Mkutano wa aina hiyohiyo ulikuja kueleza majuto yake mwaka 2010, huko Vancouver. Hesabuni wenyewe ni vizazi vingapi vya wanafunzi viziwi vilipita hapo katikati. Mara zote mbili mwenye ulemavu alishajua kinachomfaa, na wenye mamlaka wakachelewa kumsikiliza.

Nikija kwa wanafunzi viziwi wa leo, naomba mniruhusu nikae kidogo, maana hapa ndipo naona nia njema ikipotea bure. Chuo kinaajiri mkalimani wa lugha ya alama, kinapiga picha, kinadhani kimemaliza. Sasa ingieni darasani. Mhadhiri anaandika ubaoni huku akisema, amewapa mgongo. Mkalimani anafuata. Mwanafunzi kiziwi ana macho mawili na yote yako kwenye mikono ya mkalimani. Akiinama kuandika, sentensi tatu zimempita. Akitazama ubao, zimempita nyingine. Kwa hiyo anahitaji pia mtu wa kumwandikia maelezo, na hilo halimo kwenye bajeti. Halafu linakuja neno la kitaalamu, tuseme usanisinuru, ambalo mkalimani hajawahi kulikuta. Analitaja herufi kwa herufi kwa vidole, mhadhiri ameshafika mbali. Kama mkalimani angepewa maelezo ya somo siku mbili kabla, yeye na mwanafunzi wangekuwa wamekubaliana alama ya kutumia. Na somo likizidi saa moja wanahitajika wakalimani wawili wa kupokezana, kwa kawaida kila baada ya dakika 20 hadi 30, kwa sababu akili huchoka na makosa huingia bila hata mkalimani mwenyewe kutambua. Anayeajiri mmoja kwa mhadhara wa saa tatu amenunua saa moja ya ukalimani na saa mbili za kubahatisha.

Kuhusu majengo nitasema machache, si kwa sababu ni jambo dogo. Kipimo kinachotumika sana kwa njia ya mteremko ni moja kwa kumi na mbili: ngazi zenye kimo cha sentimita 60 zinadai mteremko wa mita 7.2. Nimeona mingine mifupi na mikali kiasi kwamba mwenye kitimwendo hawezi kuipanda bila kusukumwa. Na uliza choo kilipo kabla ya kuuliza maktaba ilipo. Yupo mwanafunzi anayejinyima maji tangu asubuhi ili asihitaji choo asichoweza kukiingia, na mwalimu anashangaa mbona mchana anaumwa kichwa.

Nani basi asimamie yote haya? Ed Roberts, kijana Mmarekani, aliingia Chuo Kikuu cha California huko Berkeley mwaka 1962, akiwa amepooza kuanzia shingoni kwa polio. Mabweni hayakuweza kuupokea mtambo wake mzito wa kupumulia, kwa hiyo akalazwa katika wodi ya hospitali ya chuo, na hiyo ndiyo ikawa hosteli yake. Wengine wenye ulemavu wakamfuata. Mwaka 1970 wanafunzi hao wakaanzisha ofisi yao ya huduma. Kinachonivutia ni kazi waliyoichagua: kukarabati vitimwendo, kutafuta wasaidizi wa kuwaogesha na kuwavalisha watu, kutafuta nyumba zinazoingilika. Walijua kwamba kiti kikiharibika Jumatatu na kikatengenezwa Ijumaa, wiki nzima ya masomo imekwenda. Ofisi ya namna hiyo iwe na bajeti yake, iwe na simu inayopokelewa, na ndani yake wawemo watu wenye ulemavu wanaoamua.

Kuna kundi ambalo mnaweza msilione: wenye kifafa, usonji, disleksia (ugumu wa kusoma na kuandika), sonona, uoni hafifu, maumivu ya kudumu. Kwa hao, wasiwasi wa kwanza ni siri. Mwanafunzi akishawasilisha vyeti vyake kwenye ofisi ya huduma, mwalimu hana haja ya kujua ugonjwa. Anahitaji kujua kinachotakiwa, kwamba huyu aongezewe muda, huyu akae mbele, huyu aruhusiwe kutoka bila kuomba. Nimesikia mwalimu akimtaka binti aeleze hali yake mbele ya darasa ndipo ampe nyongeza ya dakika. Hiyo ni kumdhalilisha, na wengi wakishaona hivyo hukaa kimya mpaka wafeli.

Mtihani nao una mitego yake. Muda wa nyongeza usioandikwa kwenye ratiba hugongana na mtihani unaofuata, mwanafunzi akatoka chumba kimoja akikimbilia kingine bila kupumua. Anayemwandikia majibu lazima awe amezoeana naye kwa mazoezi kabla, aandike anachoambiwa neno kwa neno, na ajue alama za somo lenyewe. Usimpe mwanafunzi wa hisabati mwandishi asiyejua kipeo cha pili kinakaa wapi.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006. Ibara yake ya 24 inazungumzia elimu, hadi vyuo vikuu na elimu ya watu wazima, na ibara ya 2 inasema kwamba kumnyima mtu marekebisho yanayofaa ni ubaguzi. Kwa hiyo mwanafunzi anapoingia ofisini kwako, usimfanye ashukuru kana kwamba umemkopesha.

Nawaomba hivi, na wakuu wa vyuo mlioko hapa ndio ninaowalenga. Fomu ya kukubali nafasi iwe na swali moja la wazi: unahitaji nini ili usome nasi? Jibu lisomwe wiki hiyohiyo na mtu anayejulikana kwa jina, ampigie au amwandikie mwanafunzi kwa njia anayoitumia yeye. Wahadhiri watoe orodha za vitabu wiki nane kabla ya muhula. Mkalimani apewe maelezo mapema. Tarehe za mitihani ya muda wa nyongeza zitangazwe pamoja na zile nyingine, kwenye karatasi ileile. Baada ya wiki ya tatu, mwanafunzi aulizwe kipi kimefika na kipi bado, wakati ambapo bado kuna muda wa kurekebisha.